Jipu Halitaki Papara



Mwishoni mwa mwaka 2015 neno moja lilitoka katika chumba cha kufungia vidonda likaingia Ikulu. Rais John Magufuli, aliyekuwa ameapishwa Novemba mwaka huo, alisema kazi yake ni kutumbua majipu, na nchi nzima ikalidaka neno hilo. Ofisa akisimamishwa kazi, watu walisema jipu limetumbuliwa. Sina nia ya kuwarudisha kwenye siasa za wakati ule. Nalitaja neno hilo kwa sababu limetuachia picha moja akilini, kwamba jipu ni kitu cha kushughulikiwa papo hapo, kwa nguvu, na ikiwezekana mbele za watu. Kama picha hiyo inafaa katika utawala, hayo wataamua wananchi. Katika ngozi ya binadamu picha hiyo ni ya hatari, na ndiyo iliyonileta leo mbele ya kipaza sauti.

Basi juma hili tuzungumze juu ya jipu lenyewe, lile linaloota shingoni, kwapani, pajani, na mahali pengine ambapo adabu hainiruhusu kupataja hewani. Najua wako watakaocheka. Jipu ni maradhi yasiyo na heshima. Mtu akiugua malaria huomba ruhusa kazini kwa sauti kubwa, lakini akiwa na jipu kalioni hasemi neno. Atasimama ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo huku kiti kitupu kikimtazama, na ukimuuliza atakwambia anapunga upepo. Aibu hiyo si ya kuchekwa tu. Ndiyo inayomfanya mtu ajifungie chumbani na kujitibu mwenyewe kwa kucha zake, kwa wembe, au kwa sindano ya kushonea aliyoipitisha juu ya moto wa kibiriti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao hawakusema hivyo kwa maradhi makubwa peke yake.

Jipu ni nini hasa? Kila unyweleo wa mwili wako umeota ndani ya kitundu kidogo. Juu ya ngozi zetu, na hasa ndani ya pua, huishi kijidudu ambacho wataalamu hukiita stafilokokasi. Takriban watu 3 katika kila 10 wanakibeba puani bila kuumwa wala kujua. Mwaka 1880 daktari mpasuaji wa Uskoti, Alexander Ogston wa mji wa Aberdeen, alichunguza kwa hadubini usaha wa majipu ya wagonjwa wake akaona viumbe vya mviringo vilivyoshikana pamoja. Baadaye akavipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kichala cha zabibu, kwa vile ndivyo vilivyofanana. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 140 sasa tangu mhalifu huyu ajulikane kwa sura na kwa jina.

Ngozi ikiwa nzima, mhalifu huyu hana pa kupita. Lakini ngozi ikikwaruzwa na wembe, ikisuguliwa na ukosi wa shati au suruali ya kubana, au ikilowa jasho kutwa nzima, hupata upenyo akaingia katika kitundu cha unyweleo. Hapo mwili hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Vita hupiganwa, na maiti wa pande zote mbili ndio huo usaha tunaouona. Tena mwili, kwa hekima aliyoumbiwa nayo binadamu, hujenga ukuta kuuzunguka uwanja wa vita ili maafa yasisambae. Ule ugumu unaousikia kwa kidole kandokando ya jipu ndio ukuta wenyewe.

Nawaomba mkumbuke ukuta huo, maana hoja yangu yote ya leo imesimama juu yake. Anayekamua jipu hudhani anafungua mlango ili uchafu utoke nje. Lakini usaha ukibanwa hauchagui njia. Sehemu yake hutoka nje, na sehemu nyingine huvunja ukuta na kuzama ndani, kwenye nyama na kwenye mishipa ya damu. Jipu moja huzaa matatu. Au hufanya kitu kibaya zaidi: vijidudu huingia katika damu, vikasafiri hadi kwenye mifupa, mapafu au moyo. Mtu aliyelala na jipu huamka na maradhi mengine kabisa.

Uso una habari yake peke yake. Chora kwa mawazo pembetatu inayoanzia kati ya macho mawili ikishuka hadi pembe mbili za mdomo. Mishipa ya damu ya eneo hilo imeunganika na mishipa iliyomo ndani ya fuvu la kichwa. Vijidudu vikisukumwa ndani kutoka hapo, vinaweza kugandisha damu nyuma ya macho na kufika kwenye ubongo. Si jambo la kila siku, bali ni la nadra. Lakini likitokea, mgonjwa anaweza kupoteza macho au maisha.

Katika mtaa ninaoishi yupo kijana mwendesha bodaboda aliyeota jipu juu ya mdomo, chini kidogo ya tundu la pua. Alikuwa na abiria wa kubeba na sura ya kulinda, akaona aibu kuzunguka nalo. Mwenzake pale kijiweni akamkamua kwa vidole vilivyotoka kushika mnyororo wa pikipiki. Siku ya pili jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, homa imempanda, naye anatetemeka kama aliyetolewa majini. Mama yake, muuza vitumbua, hakungoja kupambazuke. Alimpakia kwenye bajaji usiku uleule akampeleka hospitali, na huko kijana akalazwa siku 9 kwa sindano na dripu. Leo yuko barabarani, mzima. Wenzake kijiweni sasa humtania, lakini nimeona kwamba hakuna tena anayemkamua mwingine.

Sasa, tusipokamua tufanye nini? Mimi si daktari, ni mtangazaji. Ninayowaeleza ndiyo ambayo mganga yeyote wa zahanati atawaeleza mkimwuliza. Dawa ya kwanza ya jipu dogo ni joto na subira. Chukua kitambaa safi, kichovye katika maji ya moto ya kuvumilika, yasiyounguza, ukamue maji kidogo kisha ukiweke juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15. Kamua kitambaa, usikamue jipu! Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Joto huvuta damu mahali hapo, na damu ndiyo inayoleta askari wapya vitani. Maumivu hupungua, jipu huiva, hufanya kichwa, kisha hutumbuka lenyewe. Ukimkanda mtoto, jaribu kwanza joto la kitambaa kwenye mkono wako wewe, kwani tumekwisha kuona watoto waliopelekwa hospitali si kwa jipu bali kwa kuunguzwa na maji.

Jipu likitumbuka lenyewe, liache usaha wake utoke kwa wakati wake. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa bandeji au kitambaa safi kilichopigwa pasi, na ubadilishe kila kinapolowa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa na baada ya kuligusa. Kitambaa kilichotumika kichemshwe, na pamba iliyotumika ifungwe vizuri itupwe mahali ambapo watoto hawachezei. Usaha ule bado una vijidudu hai. Mwenye jipu awe na taulo lake na dodoki lake, na wembe wake usiguswe na mtu mwingine.

Kuhusu vitu vinavyopakwa, orodha ni ndefu: mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu, hata maji ya betri. Sitaki kuwavunjia heshima bibi zetu, ambao wengi wao walikuwa wakikanda kwa maji ya moto kabla daktari hajazaliwa. Lakini mafuta ya taa na maji ya betri huunguza ngozi, na majivu au majani yaliyopondwa yakiwekwa kwenye kidonda kilicho wazi yanaweza kuleta pepopunda. Hapo utakuwa umefukuza paka ukamkaribisha chui.

Ndugu wasikilizaji, mama mmoja wa Tandika ameniletea barua ya kurasa 3. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 14, na katika miezi 6 ameota majipu 5. Walianza kuambiwa ni maembe. Baadaye wakaambiwa ni damu chafu, wakampa mtoto dawa ya kuharisha hadi akaishiwa nguvu. Mwishowe wakaenda kwa mganga, naye akasema ni mkono wa mtu wa ndani ya nyumba. Mume wa mama huyu amemshuku mke wa mdogo wake, ambaye wanaishi naye nyumba moja. Mama anaandika kwamba shemeji huyo amekwisha kufungasha vitu vyake, ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja hawasalimiani, na yeye hajui amwamini nani. Anauliza: je, yapo majipu ya kurogwa?

Mama yangu, sitabishana nawe juu ya imani yako. Ila barua yako imenijibu kabla sijakujibu. Katika ukurasa wa pili umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba binti yako mdogo naye alikuwa na jipu mwezi uliopita, na kwamba shemeji yako mwenyewe aliota mawili kwapani. Umeandika pia kwamba bafu ni moja na dodoki linaning'inia msumarini. Sijapata kusikia mchawi anayejiroga kwapani. Kinachozunguka katika nyumba yako ni kile kijidudu cha kichala cha zabibu, kikihama kutoka ngozi hadi ngozi kwa njia ya taulo, dodoki, wembe na shuka. Watu wanaoishi pamoja hugawana vijidudu kama wanavyogawana chumvi.

Maembe nayo tuyaachilie huru. Msimu wa maembe hapa Dar es Salaam huja wakati uleule wa joto kali na jasho jingi. Jasho na msuguano ndivyo vyenye kesi, na embe limekutwa tu mahali pa tukio. Ama damu chafu, damu ikiingiwa na vijidudu kweli kweli mtu hatembei mitaani akiulizia dawa ya kuharisha. Huwa mahututi kitandani. Tena mganga anayechanja chale kuzunguka jipu kwa wembe uliochanja wengine anamwongezea mgonjwa hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Liko swali ambalo nyumba hii haijajiuliza. Majipu yanayorudi mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja ni ujumbe, na ujumbe husomwa kwa vipimo. Sukari ikizidi katika damu, askari wa mwili huwa wazito na majipu hushamiri. Wako watu wazima wengi waliogundua kwamba wana kisukari kwa sababu ya jipu lililokataa kupona. Vivyo hivyo kinga ya mwili ikipunguzwa na virusi vya UKIMWI. Kipimo cha sukari ni tone moja la damu kutoka kidoleni. Kipimo cha virusi hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali, na dawa za kurefusha maisha nazo hutolewa bure. Kama vipimo vyote viko salama, daktari anaweza kuwapa watu wote wa nyumba mafuta ya kupaka ndani ya pua na sabuni maalumu ya kuogea, watumie pamoja kwa siku alizopanga, ili kijidudu kisipate pa kujificha. Mpeleke mtoto hospitali, mama. Na kabla hujaenda huko, mwombe shemeji yako afungue mizigo yake.

Sasa nije kwenye duka la dawa, maana hapo ndipo wengi wetu wa mjini tunapoishia. Mtu huingia, hunyosha kidole, husema: "Nipe zile za rangi mbili, nne zinatosha." Mbili humeza. Mbili nyingine huzipasua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Kwanza fahamu kwamba jipu dogo aghalabu halihitaji dawa hizo kabisa, kwa kuwa dawa iliyomo katika damu hupenya kwa shida ndani ya usaha uliozungukwa na ukuta. Jipu kubwa lililoiva linahitaji daktari alipasue kwa kisu safi, baada ya ganzi, usaha utoke. Dawa za kuua vijidudu ataziongeza yeye akiona haja, na akiziandika ni lazima zimezwe hadi ya mwisho.

Kwa nini hadi ya mwisho? Sikilizeni kisa hiki cha kweli. Mwezi Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary mjini Oxford, Uingereza, alikuwa amelazwa askari polisi aitwaye Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Maambukizi yalikuwa yametapakaa usoni na kichwani, yakatunga majipu, na jicho lake moja lilikuwa limekwisha kuondolewa. Tarehe 12 mwezi huo madaktari walimchoma dawa mpya iliyokuwa haijatumika kutibu mgonjwa wa namna yake: penisilini. Homa ilishuka, hamu ya chakula ikarudi, na kila mtu akadhani amepona. Lakini dawa ilikuwa haba mno, hata wakawa wanaichuja kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie. Baada ya siku chache ikaisha yote. Vijidudu vilivyobaki vikainuka tena, na tarehe 15 Machi askari yule akafariki.

Yeye alikatishwa dozi kwa sababu dunia nzima haikuwa na dawa ya kumtosha. Sisi tunajikatisha wenyewe huku dawa imejaa kabatini. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo alipopokea Tuzo ya Nobel Desemba 1945, kwamba dozi hafifu huvifundisha vijidudu kuistahimili dawa. Onyo lake limetimia. Leo sehemu kubwa ya stafilokokasi haiuawi tena na penisilini ya kawaida, na zipo aina zilizo sugu hata kwa dawa zilizokuja baadaye. Kila kapsuli mbili zinazomezwa na kuachwa ni somo jingine tunalompa adui.

Andikeni sasa, au mkate kipande hiki gazetini mkibandike ukutani. Nenda hospitali, usingoje, kama jipu liko usoni au kwenye uti wa mgongo. Kama una homa au kutetemeka. Kama mistari myekundu inatambaa kutoka kwenye jipu au mitoki imevimba. Kama jipu ni kubwa na lina midomo mingi. Kama linazidi kukua, au limepita wiki 2 bila kupona. Tena usijitibu nyumbani kabisa kama mgonjwa ni mtoto mchanga, mtu mwenye kisukari, au mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua. Na mama anyonyeshaye akiona uvimbe wenye joto na maumivu katika ziwa, aende mapema, kabla usaha haujatunga.

Liko pia jipu ambalo si jipu. Yupo nzi mmoja wa nchi zetu za joto ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Funza wake hupenya ngozini pasipo mtu kuhisi, kisha hutokea uvimbe kama jipu wenye kitundu katikati, na mgonjwa husikia kitu kinatikisika ndani. Hapo joto la kitambaa halisaidii. Uvimbe hufunikwa kwa mafuta mazito ya kujipaka ili funza akose hewa, ajitokeze, atolewe taratibu bila kukatika. Kinga yake ni kuanika nguo kwenye kamba, juani, na kuzipiga pasi ya moto, hasa kwenye mishono na viuno. Nepi za mtoto zisikose pasi hata siku moja.

Ninayowaomba leo hayahitaji fedha nyingi. Kila mtu wa nyumba awe na taulo lake. Kinyozi aambiwe asafishe mashine kwa spiriti mbele ya macho yako kabla haijagusa shingo yako, na asiposafisha, inuka kitini. Nguo za mitumba zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Wazazi wakate kucha za watoto. Nanyi waajiri, mfanyakazi akisema ana jipu msimcheke, hasa yule anayepika au kugawa chakula. Usaha wa jipu mkononi mwa mpishi unaweza kuwatapisha wateja wote wa siku hiyo, kwa kuwa kijidudu hikihiki hutoa sumu ndani ya chakula. Mpeni ruhusa akatibiwe, na mumlipe siku zake.

Subira huvuta heri, ndugu zangu, lakini subira ya jipu ina kitambaa cha moto mkononi na jicho linalotazama dalili. Anayekaa bure akisema litapona lenyewe hajasubiri, amepuuza tu. Naye anayelishambulia kwa kucha anabomoa ukuta ambao mwili wake umeujenga usiku na mchana ili kumlinda.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakieni afya njema.